Wali wa Mzazi na Mstari wa B1

Kandambili ya mguu wa kushoto ilinitoka nikirudi kutoka bombani, nami nikaendelea kutembea. Mwanamke aliyeketi na mihogo yake kando ya njia akanipigia kelele: "We mama, kiatu chako kimekataa kwenda nyumbani!" Nikatazama chini. Mguu wangu ulikuwa mtupu juu ya mchanga wa kiangazi, mchanga ambao saa ile hata mbwa anaukwepa, na sikusikia moto wala baridi. Nikacheka pamoja naye, nikarudi kukiokota. Nilidhani ni uchovu wa uzazi.

Ninaandika haya kwa sababu bado nawaona akina mama kwenye mabenchi ya dispanseri, kila mmoja na kopo lake la vitamini, wakiulizana lipi bora. Mimi si muganga. Ninachoweza ni kueleza yaliyonipata mwilini, na jinsi nilivyofundishwa kusoma kopo baada ya kuchelewa. Dada unayesoma haya ukiwa na miguu mizito, usiogope. Niliogopa kwa niaba yako, na mimi nimepona.

Niliolewa mwaka wa Uhuru, katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa fundi wa baiskeli. Tuliishi na mama yake, Bi Salima, na dada yake mdogo, Zaina, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Mimba zangu za kwanza hazikukaa. Miaka ikaenda, majirani wakaanza kumuuliza Ramadhani kama haoni wanawake wengine, na kila mara aliyewajibu, akimtetea mke wa mwanawe, alikuwa mama yake: "Mukamwana wangu hajazeeka. Nyinyi ndio mmezeeka kwa kusema." Ndiyo maana Yusufu alipozaliwa mzima, miaka kumi baada ya ndoa, mama mkwe wangu alishika mlango wa jikoni akalia kama aliyefiwa.

Mwaka huo ulikuwa 1972. Ulikuwa mwaka wa kuuawa watu na wa kukimbia, na sitausimulia hapa, maana si wangu peke yangu. Nitasema tu jinsi ulivyoingia jikoni kwetu. Wavuvi hawakutoka tena na taa zao, kwa hiyo ndagala, hao dagaa wetu, hawakuonekana. Watu waliokuwa wakiteremsha maharagwe kutoka upande wa Kizuka waliacha kuja, na baadhi yao hawakuja tena. Mjomba wa Ramadhani, aliyekuwa na duka, alipanda mtumbwi kwenda Kigoma na kutuachia magunia yake ya mchele.

Kwa watu wetu mzazi hupewa chakula cha heshima hadi arobaini iishe, na heshima ni wali mweupe. Mama, yaani Bi Salima, aliamua kwamba mchele wote ule ni wangu. Wao walikula bugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, na maharagwe yalipopatikana. Mimi nililetewa sinia langu peke yangu, limefunikwa kwa kawa.

Na ule mchele aliuosha! Aliusugua kati ya viganja, maji ya kwanza yakatoka meupe kama maziwa, akawamwagia kuku. Akaosha tena na tena, mpaka maji yakawa safi kama hayakuguswa. Kisha akauchemsha katika maji mengi, akayamwaga na hayo pia, ili kila punje isimame peke yake. "Mzazi hali matope," alisema. Juu yake nilipewa chai ya rangi, kali, ya kupasha mwili joto. Wali na chai, asubuhi na jioni. Zaina alikuwa akipita mbele ya sinia langu anameza mate, nami nilikuwa nasikia haya. Nyumba nzima ilijinyima kwa ajili yangu.

Arobaini ilipokwisha nilipaswa kurudi kwenye bugali. Lakini miguu ilikuwa imeanza. Kwanza ulikuwa mchomo kwenye nyayo, halafu nyayo zikafa ganzi, halafu vifundo vikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nikichuchumaa kufua, nilihitaji kushika ukuta ili niinuke. Moyo ulinipiga mbio hata nikiwa nimeketi. Mama aliponiona hivyo alitikisa kichwa. "Bado hajapata nguvu. Arobaini iendelee." Na wali ukaongezwa.

*

Dispanseri ilikuwa na benchi moja refu chini ya baraza, na sisi wagonjwa tulisogea taratibu kuelekea mlangoni, tako kwa tako. Mara ya kwanza nilikaa karibu na mwanamke wa Minago, mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa na jipu mkononi. Aliitazama miguu yangu bila kuficha.

"Hiyo miguu umeazima kwa tembo?"

"Nimejifungua."

"Na mimi nimejifungua mara nyingi, sijawahi kuvaa hiyo." Kisha akaona ninaificha chini ya khanga, akanigusa goti. "Nakutania, dada. Bora ucheke. Humu ndani watakuambia uvue, na hutakuwa na la kuficha."

Muganga wa pale aliitwa Konsolata, mwanamke mfupi, asiyependa maneno. Siku hiyo baraza lilijaa watu wenye majeraha. Alinibonyeza miguu, akaniuliza kama mkojo unatoka vizuri, akaniangalia macho. "Punguza chumvi. Urudi wiki ijayo, nataka kukuona tena nikiwa na nafasi. Umesikia? Urudi."

Nilisema ndiyo. Sikurudi, na nitaeleza sababu, kwa kuwa ndiyo inayonikaa kooni mpaka leo.

Ramadhani alikuwa na safari ya Bujumbura kutafuta tairi. Barabara ilikuwa na vizuizi; upande wa Kabezi walimshusha, wakamkalisha chini mchana kutwa, mimi nyumbani sijui kama nimekwisha kuwa mjane. Aliporudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, hakuleta tairi. Alileta chupa. Ilikuwa ya kioo cha kahawia, na karatasi yenye picha ya mwanamke mwenye mashavu mekundu akimnyanyua mtoto.

"Soma, Mama Yusufu! Weye uliyesoma kwa masista, soma!"

Nikasoma: B1, B2, B6, B12, PP.

"Unaona? Ziko zote humu ndani. Wengine wanauza moja moja. Hii iko na zote!"

Nilikunywa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Ilikuwa tamu, na nilihisi nimepata nguvu, au labda nilihisi hivyo kwa sababu mtu alikaa juani kutwa kwa ajili yake. Nikajiambia, nikapange foleni tena kwa nini, nimchukulie nafasi mtu mwenye jeraha, ilhali nina dawa yenye majina yote hayo? Wiki ya kurudi ikapita, na nyingine nyuma yake.

*

Kiangazi kilikuwa kinaisha, mawingu yameanza kukaa juu ya milima, Yusufu alipoanza kukataa ziwa. Alivuta kidogo, akaacha, akatapika. Uso wake ulivimba kidogo, majirani wakasema ananenepa. Halafu asubuhi moja nilikuwa nachambua mboga uani, nikahisi tu kwamba niangalie mkekani. Alikuwa analia. Kinywa wazi, macho yamefumba, machozi, ngumi zinatetemeka, na hakuna sauti. Hakuna kabisa. Sijui alikuwa amelia hivyo kwa muda gani nikimpa mgongo.

Mama alikuja mbio. Akamfungua kinywa, akachungulia.

"Ni kilimi. Kimemuziba. Kikatwe leo."

Wasioijua desturi hii: kuna wazee wanaokata kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa kisu chembamba, mtoto akiwa ameshikwa kichwa. Mama alikuwa na mtu wake, aliyemkata hata Ramadhani.

"Mama, tumpeleke kwanza kwa muganga."

"Muganga alikutazama wewe, amekuponya?"

"Hajaniponya kwa sababu sikurudi."

"Basi ukae kwenye benchi lao mpaka mtoto akauke!"

Sijawahi kumwinulia sauti mama mkwe, wala siku ile sikuinua. Nilimfunga Yusufu kifuani, nikatoka. Miguu haikunisikiliza, nilitupa mguu mbele kama mtu anayetupa gunia, nikashika kuta za watu. Nyuma yangu nikasikia kandambili za Mama zikifuata, na sauti yake inalalamika: "Utaanguka naye. Nipe bega lako. Nasema nipe bega." Tukaenda hivyo, tumegombana na tumeshikana.

Pale barazani sikuhitaji kuomba nafasi. Wanawake walimwona mtoto analia bila sauti, wakasimama mmoja baada ya mwingine, benchi lote likawa tupu.

Konsolata alimsikiliza kifua. Kisha akaniambia nichuchumae, niinuke bila kushika kitu. Sikuweza. Akanigonga chini ya goti kwa ubavu wa kiganja, mguu ukabaki unaning'inia kama wa mtu mwingine.

"Unakula nini?"

Kabla sijafungua kinywa, Mama alijibu, kidevu juu. "Wali, muganga. Wali mweupe. Bugali tunakula sisi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Na ninauosha mwenyewe, simwachii mtoto wa kike. Mpaka maji yawe kama ya mvua."

Muganga aliinuka. Alifungua kabati, akatafuta muda mrefu nyuma ya vitu, akatoa kisanduku kilichokuwa karibu tupu. Alimchoma Yusufu pajani, kisha mimi. "Tungoje," alisema. "Mimi nadhani ninajua. Tungoje tuone kama ninajua kweli."

Tuliketi sakafuni koridoni. Mama alikuwa na tasbihi. Mimi nilimtazama mwanangu akifungua kinywa na kufumba, kama samaki aliyetupwa mtumbwini, nikafikiri: anaita, na anayemwita ndiye aliyemfanya hivi. Sikujua bado kwa njia gani. Mwili wangu ulijua.

Jua lilikuwa halijafika katikati aliposikika. Ilikuwa sauti mbaya, ya kukwaruza, kama mlango wa bati, halafu ikakatika, halafu ikaja tena. Kwenye benchi nje mtu akasema, "Huyo! Huyo anadai!" na wanawake wakapiga vigelegele hata wale ambao hawakuja kwa ajili yetu. Yusufu aligeuza kichwa akatafuta ziwa. Nikasita kumpa. Konsolata akaniambia: "Mpe. Sasa lina kitu ndani."

*

Sasa nieleze mambo ya makopo, taratibu, kama nilivyoelezwa mimi.

Mama alikuwa ametoka nje kufua nepi. Konsolata aliniomba nimwonyeshe ile dawa niliyokuwa nakunywa; nilikuwa nimeifunga katika khanga. Akaiweka mezani. Kando yake akaweka kopo la vidonge vya manjano, vya mchanganyiko, ambavyo hata dukani vilipatikana, na kibahasha cha vidonge vidogo vyeupe vya B1 peke yake.

"Kipi kizuri?" akaniuliza.

Nikaonyesha chupa. Ilikuwa na majina mengi.

"Ukienda sokoni unataka samaki wa mukeke, mtu akakuletea kikapu kina mukeke mmoja mdogo, na majani, na mawe, na kamba nzuri ya kufungia, utasema kikapu kimejaa?"

"Hapana."

"Wewe ulikosa B1. Weka kidole kwenye mstari wa B1. Hayo mengine usiyasome kwanza."

Niliweka kidole. Kwenye chupa, mstari ule ulisema miligramu moja. Kwenye vidonge vya manjano, miligramu tano. Kwenye vile vyeupe visivyo na picha wala rangi, mia moja. Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea.

"Lakini hapa chini kwenye chupa kuna kumi," nikasema, natetea chupa ya mume wangu.

"Hiyo ni ya B12. Na tazama herufi zilizo mbele ya namba. Hizo ni mikrogramu. Elfu moja ya hizo ndiyo inafanya miligramu moja. Namba peke yake haisemi kitu, mpaka ujue inapima nini. Ni kama mtu akikuambia ana kumi, hujui ni magunia au ni punje." Kisha akaniuliza kama kiasi kilichoandikwa ni cha kijiko kimoja au cha chupa nzima, maana kuna makopo huandika cha kopo zima na msomaji akadhani anakimeza kila siku. Yangu ilikuwa ya kijiko. Angalau hapo haikunidanganya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukishika makopo mawili na unataka kuyalinganisha, fanya hivi na usione haya mbele ya muuzaji: uliza kwanza mwili wako umekosa nini, utafute mstari huo mmoja, uangalie kipimo, uangalie ni kwa kidonge kimoja au kwa vingapi. Kopo lenye majina machache laweza kuwa ndilo lako. Na usiige kiasi nilichomeza mimi. Cha kwangu kilipangwa na aliyenigonga goti. Kidonge cha manjano si kibaya. Kwa mtu anayetaka kujazia kidogo kinatosha, na baadaye mimi mwenyewe nilimeza vidonge hivyo. Hata ile chupa haikuwa sumu. Ilikuwa ndogo tu kwa shimo langu.

"Kwa nini hukurudi?" Konsolata aliniuliza mwishoni.

"Nilikuwa na dawa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Maziwa humpa mtoto kile mama alicho nacho. Usipokuwa nacho, atakipata wapi?" Alisema kwa upole kabisa, na sijawahi kupigwa hivyo. Nilikuwa nimemnyonyesha kila alipotaka. Nilikuwa nimejisifu kwamba maziwa yangu ni mengi.

Akaongeza, kwa sauti ndogo: "Na ule wali. Uache kwanza. Kula wanachokula wenzako: bugali na sombe, maharagwe, karanga ukizipata. Uzuri wa mchele, hiyo B1, uko kwenye ngozi yake inayotolewa mashineni, na uliobaki umekwenda na maji. Chai ile kali nayo iache, inaiharibu hiyo B1. Sindano zangu zinakwisha, na sijui gari la Bujumbura litaleta lini nyingine. Kama utaendelea na ule wali, mwachishe mtoto."

Kumwachisha na kumpa nini, mwaka ule? Nilimwambia nitaacha wali.

"Utamwambia mama mkwe wako, au nimwambie mimi?"

Nje, Mama alikuwa anakamua nepi huku akiwasimulia watu wa benchi jinsi mjukuu wake alivyopiga kelele.

"Nitamwambia mimi," nikasema.

*

Sikumwambia. Kila asubuhi sinia lilikuja limefunikwa, na yeye amesimama mlangoni anangoja nionje. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, sombe zilikuwa laini. Nilimweleza Zaina peke yake, chumbani, tukafanya mpango: Mama akigeuka, sinia langu linakwenda kwa Zaina, na bakuli lake la bugali na sombe linakuja kwangu. Zaina alikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

"Na kama na mimi nitapooza miguu?"

"Utakula kidogo, mwingine wape kuku."

"Kuku? Wifi, kuku wamekwisha kula maji yake yote. Tazama walivyonona! Waache na mimi ninone."

Tulicheka kwa kuziba midomo. Miguu yangu ilianza kurudi, kwanza kwa maumivu, kama chungu wekundu wanatembea ndani. Konsolata alikuwa ameniambia maumivu ni salamu, nivumilie. Nilimeza vidonge vyeupe, Yusufu alinyonya, alilia kwa sauti, na kila siku nilimwona Mama akiona haya yote na kuyahesabia wali wake. "Si nilisema? Mzazi asipunguziwe."

Mpaka siku aliporudi kutoka msibani mapema, akamkuta Zaina nyuma ya nyumba na sinia langu magotini.

Nilisikia kishindo cha kawa. "Mwizi! Mwizi wa chakula cha mzazi! Mgonjwa anavuta miguu, mtoto juzi tu alikuwa maiti, na wewe unamnyang'anya mdomoni?"

"Mama, si hivyo..."

"Kumbe ndiyo maana haponi! Ni wewe unayemwua! Wacha kaka yako aje. Utatoka nyumba hii na nguo ulizovaa. Wacha mtaa wote ujue nimezaa nini!"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa kwenye ua wa matete. Zaina aliniangalia. Alikuwa na wali mdomoni, hawezi kumeza wala kutema, na hakunitaja. Alikuwa anatafutiwa mume mwezi ule. Neno la wizi wa chakula cha mzazi lingemfuata kila nyumba.

Nilisimama kwa kushika nguzo. "Mama, ni mimi niliyempa. Nimempa kila siku."

"Kwa nini?"

"Muganga amenikataza."

"Amekukataza kula?"

"Amenikataza wali, Mama. Ule wali mweupe. Ndio uliotuangusha. Mimi na Yusufu."

Nimefikiri mara nyingi kwamba ningeweza kusema namna nyingine: chumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, nikianza na mwaka ule, na ziwa lililokosa ndagala, na magunia ya mjomba. Nilisema mbele ya majirani, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuanguka.

Alinitazama. Kisha akatazama mikono yake, ndani na nje, kama anatafuta kitu kilichomwagika. Aliokota kawa, akaingia ndani.

Tangu siku ile hakupika. Alimwachia Zaina jiko, akala kidogo, peke yake. Hilo ningelistahimili. Lakini aliacha kumshika Yusufu. Mtoto akilia karibu naye, alimwita Zaina. Nikimwekea mapajani, alisimama kama ana shughuli. Nilimwambia hakujua, hakuna aliyejua. Hata mimi niliyesoma sikujua. Alijibu, "Ndiyo," bila kunitazama. Mwanamke aliyenitetea miaka kumi kwa mtaa mzima, nilimfanya aogope mjukuu wake. Ramadhani aliona tu kwamba nyumba imepoa. Nilipomwambia sababu ya wali, alikuna kichwa, akasema, "Sasa bahati tulikuwa na ile chupa." Nikasema ndiyo, bahati. Wote wawili, mama na mwana, wametangulia sasa, Mungu awarehemu, na Ramadhani alikwenda na imani yake katika ile chupa ikiwa nzima.

*

Vidonge vyeupe vilikwisha mvua zikiwa zimekolea. Dispanseri haikuwa na vingine. Konsolata aliniambia ninunue vya manjano dukani, nimeze vingi zaidi kwa siku kufidia, akanipangia vingapi. Ramadhani alikuwa na baiskeli za watu, na nilijua akienda peke yake atarudi na picha ya mwanamke mwenye mashavu. Peke yangu nisingefika kwenye matope yale.

Mama alikuwa anafagia. "Mama, nisindikize dukani. Nahitaji bega."

Alitazama upande wa Zaina, akidhani nitamwomba yeye. Nilingoja. Akaegemeza ufagio.

Tulitembea polepole, mimi nimeshika bega lake. Dukani muuzaji, mtu mwenye maneno ya asali, alitoa kopo la kwanza, kubwa, la rangi ya dhahabu. "Hili ndilo wanatumia wake za wakubwa. Vitamini kumi na kitu, mama. Linaongeza damu, linaongeza maziwa, linaongeza mpaka mapenzi."

Nilikuwa nageuza kopo kutafuta maandishi. Mama, asiyejua kusoma, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Unatafuta nini hapo?"

Nikamweleza. Mstari mmoja tu. Kipimo. Kwa kidonge kimoja au kwa vingapi. Nikamwonyesha B na kimstari kilichosimama kando yake. Aliinamisha uso mpaka karibu na karatasi. Namba alizijua, aliuza mawese maisha yake yote.

"Na hiki kiko na ngapi?"

"Mbili."

"Na kile cha manjano?"

"Tano."

Akamgeukia muuzaji. "Baba, hili lako lina wageni wengi, bibi arusi hayumo. Rudisha. Tupe lile."

"Mama, lakini hili..."

"Nimesema lina mbili. Unataka mjukuu wangu anyonye rangi ya kopo?"

Mtu aliyekuwa nyuma yetu alicheka. Mama hakucheka. Alishika kopo la manjano kwa mikono miwili, akalitikisa, akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza nazi. Njia nzima alilibeba yeye.

Tulipofika, Zaina alikuwa barazani na Yusufu mgongoni, anahangaika naye. Mama aliosha mikono. Aliiosha muda mrefu, nikaogopa atarudi ndani kama siku zote. Kisha akafungua kopo, akahesabu vile vidonge kiganjani kama nilivyomwambia, akanipa na kikombe cha maji.

"Zaina, niletee huyo mutoto," akasema. "Na wewe meza. Nakuangalia."

Nikameza kimoja kimoja. Alikuwa amempakata Yusufu, mkono wake umeshika nyayo ya mtoto, na hakuondoa macho kwenye koo langu mpaka kile cha mwisho kiliposhuka.